Kidevu cha Mama Breki

Mama mkwe wangu alianza kufundisha watu kuendesha magari mume wangu akiwa hajaota meno ya mbele, na mjini kwetu kila mtu alimwita Mama Breki. Jina hilo halikutokana na ukali, ingawa ukali alikuwa nao wa kutosha kugawia majirani. Lilitokana na pedali ya pili ya breki, ile inayofungwa upande wa abiria kwenye magari ya kufundishia. Mwanafunzi akichanganyikiwa kwenye makutano, akasahau mguu upi unafanya nini, gari lilisimama taratibu bila kelele, na kutoka kiti cha pili sauti ikasema, "Haya, pumua. Ulitaka kutuua, ila leo tuna kazi nyingine."

Alikuwa mjane. Alilea watoto wawili wa kiume akiwa amekaa kwenye kiti hicho, na wanaume walioingia garini mwake wakijiona madereva wa kuzaliwa walitoka wapole kama maji ya mtungini. Mimi nilimwogopa tangu siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa. Aliniangalia kama anavyoangalia tairi, akizunguka pande zote. Kisha akasema, "Anafaa. Ila mwembamba." Nilipomaliza miaka mitatu ya ndoa aliniita pembeni. "Mkwe wangu, wewe si gunia la mkaa uwe unabebwa tu kila siku. Njoo tuanze mafunzo. Vaa viatu bapa." Nilikuwa karani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi na zamu yangu ilianza mchana, kwa hiyo asubuhi zangu akazichukua yeye.

Mambo ya kidevu yalianza na picha. Mwenye shule ya udereva aliamua kuweka bango kubwa kando ya barabara kuu, na juu ya bango awekwe Mama Breki, kwa kuwa ndiye watu waliyemfuata pale. Mpiga picha alimpiga akiwa amechuchumaa chini, eti ili mwalimu aonekane mrefu. Picha ilipopitishwa ofisini, Mama aliitazama kwa muda. Akasema, "Naona videvu viwili. Kimoja kinaendesha, kingine kinasubiri zamu." Ofisi nzima ilicheka. Yeye alicheka kuwashinda.

Sasa, mwalimu wa udereva ana kioo chake cha ziada, kidogo, kilichobandikwa juu upande wake ili aone magari ya nyuma bila kutegemea macho ya mwanafunzi. Kikilegea kidogo tu, humwonyesha yeye mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba tangu picha ile, kioo kile kilikuwa kikilegea kila siku, na kilipokuwa hakijalegea alikilegeza kwa mkono wake.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliyefaulu mtihani kwa tabu sana, na Mama alimpenda kwa kutokata tamaa. Mwanamke huyo alifungua saluni. Mbele walisuka na kuosha nywele. Nyuma, kwenye chumba cha vioo vya giza, alijiita mtaalamu wa urembo wa ngozi. Alivaa koti jeupe. Kazi ya sindano aliisomea wikendi moja kwenye ukumbi wa hoteli, na iliyobaki akajifunza kwenye video za simu. Wateja walimwita Mrembeshaji, na hakuna aliyemuuliza alisoma wapi.

"Mwalimu, hiyo ni kazi ndogo," alimwambia Mama. "Nakuchoma hapa chini ya kidevu, sindano chache tu. Mafuta yanayeyuka, mwili unayatoa wenyewe. Utarudi kazini kesho yake."

Mama alikubali. Hakumwambia mtu yeyote. Mwanamke wa umri wake, bibi wa wajukuu, atamwambia nani kwamba anataka kupunguza kidevu?

Mwanzoni alivimba, na aliambiwa kuvimba ni dalili dawa inafanya kazi. Uvimbe ulipopungua vikabaki vinundu, vigumu kama maharage mabichi chini ya ngozi. Alirudi akachomwa mara ya pili ili vinundu viyeyuke. Baada ya hapo ngozi ikawa nyekundu, sehemu moja ikageuka rangi ya majivu, halafu nyeusi, halafu ikafunguka. Alinunua vidonge dukani kwa muuza dawa, akakanda kwa maji ya chumvi, na juu ya yote akafunga mtandio.

Sisi tuliona mtandio tu. Alisema koo linamsumbua. Mimi, kwa sababu nilikuwa nakaa naye karibu kila asubuhi, niliona na mengine. Chai aliinywa akiwa ameuelekeza uso ukutani. Alipoongea, mdomo wake wa chini ulivutwa upande mmoja, na maneno yaliyohitaji midomo kukutana yalitoka yamelegea. Neno "breki" lenyewe lilikuwa linampiga chenga. Akaanza kusema "tulia."

Asubuhi ile tulikuwa tunajifunza kuondoka na gari kwenye mteremko. Jua lilikuwa kali na mtandio wake ulikuwa mzito wa baridi. Nilipoinua macho kutazama nyuma nikamwona yeye kwenye kile kioo chake. Chini ya kidevu mtandio ulikuwa na doa la majimaji ya njano, na doa lilikuwa linakua.

"Mama, mtandio umelowa."

"Angalia mbele."

"Ni usaha, Mama."

"Nimesema angalia mbele, mwanangu. Usaha hauko barabarani."

Niliwasha indiketa. Nikaangalia kioo cha pembeni, nikaegesha kando ya barabara jinsi alivyonifundisha, nikavuta breki ya mkono, nikazima gari. Kisha nikachomoa ufunguo nikaukalia.

"Washa gari," alisema.

"Hapana."

Tangu niolewe sikuwahi kumwambia mama mkwe wangu neno hilo. Hata mimi lilinishtua. Alinigeukia, nikangoja nitolewe garini, nirudishwe kwetu, talaka iandikwe palepale juu ya usukani. Badala yake mabega yake yalishuka. Alianza kuufungua mtandio, polepole, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeganda kwenye ngozi.

Sitaeleza yote niliyoyaona. Kulikuwa na shimo ambalo kidole cha mtoto kingeingia, kando yake nyama nyeusi, na kuteremka shingoni vinundu vyekundu vimepangana kama vinasubiri zamu ya kufunguka. Harufu ilijaza gari. Nilifungua dirisha la upande wangu, na nilipofanya hivyo aliona aibu, nami nikajilaumu kwa kulifungua.

"Ilikuwa nini, Mama?"

"Sindano za kuyeyusha mafuta." Alisema akitazama miguu yake. "Ujinga wa uzeeni. Usimwambie mwanangu."

"Utamwambia mwenyewe ukiwa tayari. Lakini hospitali tunakwenda sasa hivi."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Wewe hujawahi kuvuka mzunguko wa katikati ya mji."

"Basi leo utanivusha."

Alinivusha. Mkono mmoja ameshika mtandio kidevuni, mwingine ananionyesha njia, na maneno yaliyopinda yasiyonitoka masikioni hadi leo: "Subiri. Subiri. Sasa. Twende, mwanangu, twende." Nilipita katikati ya malori nikiwa nalia, na yeye hakunikataza kulia, alinikataza tu kufumba macho.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mtulivu mwenye vidole vya baridi. Alimsafisha, akakata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, na alipomaliza akavuta kiti akakaa mbele yetu. Alisema dawa ya kuyeyusha mafuta haichagui. Ikichomwa juu juu, au ikiwa kali kuliko inavyotakiwa, inayeyusha na ngozi. Mshipa wa fahamu unaoushusha mdomo wa chini unapita karibu na pale palipochomwa, nao umeumia. Huenda ukapona wenyewe, huchukua muda. Lakini vile vinundu vinavyotembea shingoni vilimtia wasiwasi zaidi. Alishuku kijidudu cha polepole, kinachokaa kwenye maji na vifaa visivyochemshwa vizuri, ambacho hakivitambui vidonge vya kawaida hata kwa jina.

"Kikiwa ndicho, matibabu ni ya miezi mingi," alisema. "Ni marefu, lakini kinatibika. Nahitaji kujua ulichomwa nini. Na nani mwingine amechomwa kwenye chumba hicho."

Mama alipapasa bandeji mpya shingoni.

"Mama, simtafuti mtu wa kumfunga. Kuna wanawake majumbani wanafunga mitandio kama wewe."

Wakati huo nilikuwa nimeanza kumjua kidogo. Alikuwa anafikiri, na akifikiri kidole chake cha gumba hupiga goti. Gumba lilikuwa linapiga.

Jioni aliwaita wanawe wote wawili sebuleni, akawaonyesha. Hakutafuta maneno ya kuremba. "Nilitaka kidevu kizuri, nimepata hiki." Shemeji yangu alifunika uso. Mume wangu alisimama, akachukua funguo za gari mezani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye hiyo saluni. Leo wataniona."

"Kaa chini. Ukivunja saluni, na vichupa vitavunjika, na daktari anavitaka vizima."

"Mama, huyo mtu amekuharibu uso."

"Uso ni wangu. Au ulikuwa unauazima?" Alisubiri mpaka mwanawe akakaa. "Nitakwenda mwenyewe, na mkeo atanipeleka. Yeye ana hasira kama zenu, ila anajua kuegesha."

Ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kupata kwake.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Mrembeshaji alipomwona bila mtandio, na bandeji imefunika nusu ya shingo, alirudi nyuma mpaka akagonga beseni la kuoshea nywele. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha maneno yakamwagika: kwamba ngozi za watu zinatofautiana, kwamba labda Mwalimu alijikuna, kwamba hakuna mwingine aliyelalamika. Mama alimwacha amalize. Alivuta kiti cha plastiki akakaa kama yuko kwake.

"Nilikufundisha gari mimi," alisema. "Dereva akigonga mtu anafanya nini?"

Mrembeshaji alilitazama beseni.

"Nakuuliza. Ulifeli mara ngapi swali hili?"

"Anasimama, Mwalimu."

"Anasimama. Hakimbii, hafungi vioo, hasemi yule mtu alijirusha. Anasimama, anashuka, anaangalia nani ameumia. Mimi leo sikuja kukupiga wala kukulaani. Nimekuja kukuona ukisimama."

Mwanamke yule alilia muda mrefu. Wasusi walikuja mlangoni, wakaondoka kwa adabu. Mwishowe alikwenda kwenye friji ndogo, akatoa vichupa vilivyokuwa vimewekwa kati ya soda na maziwa ya kuoshea uso. Havikuwa na maandishi ya kueleweka. Vilinunuliwa mtandaoni kwa mtu asiyemjua. Sindano alizitupa kila mara, alisema, lakini maji ya kuchanganyia dawa yalikuwa ya bomba, ya kuchemsha siku akikumbuka. Alikiri pia kwamba kulikuwa na waliolalamika. Alikuwa amezifunga namba zao.

"Zifungue," Mama alisema. "Piga, weka sauti ya nje."

Alipiga mmoja mmoja mbele yetu. Wengine walitukana wakakata. Wengine walisema wao wazima, haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayesema na mume yuko chumbani. Wawili watatu walilia tu. Mama aliongea na kila aliyekubali, na mdomo wake uliopinda aliutumia kama ulivyo. "Mimi naitwa Mama Breki. Ndiyo, huyo huyo. Nami nimechomwa. Umefunga mtandio? Wapi?" Sauti ndogo ikajibu: mkononi, tumboni, mgongoni chini ya mkanda wa sidiria.

Waliokataa simu aliwafuata majumbani, Mrembeshaji akimwelekeza wanakokaa. Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe wangu. Mchana wa jua, akiwa ana homa, na tumbo limechafuka kwa dawa alizoanzishwa, alikuwa anapanda ngazi za majengo yasiyo na lifti na kugonga milango. Mlango ukifunguliwa hakuanza na mawaidha. Alibandua plasta ya bandeji upande mmoja, akaonyesha. "Mimi nimeanza," alisema. "Sasa wewe."

Kulikuwa na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyetuambia kupitia upenyo wa mlango kwamba afadhali afe kuliko mumewe ajue.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "unajua wanachosema juu ya mficha maradhi. Kifo kitakuumbua, tena mbele ya huyo huyo mumeo. Umbuka leo kwangu mimi, ambaye sikujui. Ni rahisi zaidi."

Mlango ukafunguka. Mkono wa kulia wa yule mwalimu ulikuwa umevimba vinundu kutoka begani hadi kiwikoni, na ubaoni alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wakidhani ni mbinu mpya ya kufundishia. Tulimpeleka siku hiyo hiyo. Daktari alipoona benchi la nje limejaa wanawake wa Mama Breki, wote kimya, wote wamevaa mikono mirefu, alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuita wa kwanza.

Majibu ya maabara yalithibitisha alichoshuku. Kikafuata kipindi kirefu: vidonge vinavyomtapisha, sindano za kila siku kwenye kliniki, na mara mbili chumba cha upasuaji kutoa nyama iliyokufa. Mama hakuwa mgonjwa mwepesi. Aliwagombeza wauguzi kwa jinsi walivyoegesha machela. Lakini hakukosa dawa hata siku moja, na usiku alipodhani tumelala nilimsikia mbele ya kioo cha bafuni akifanya mazoezi aliyopewa ya mdomo: "Breki. Breki. Pilipili. Baba."

Mwenye shule alimwambia apumzike nyumbani mpaka uso urudi. Kwa upole kabisa alipendekeza bango lishushwe. Mama alimwambia bango ni lake, alishushe akitaka, lakini kupumzika hakuwezi. Kwa kuwa daktari alimkataza jua na vumbi, aliomba darasa la alama za barabarani. Nilimsindikiza siku ya kwanza. Darasa lilikuwa na vijana thelathini hivi, na alipoingia, bandeji shingoni, mdomo upande, wote walitazama madaftari kwa pamoja.

"Haya, inueni nyuso," alisema. "Mdomo wangu umekata kona bila indiketa. Mtazoea. Nani ataniambia alama hii inasemaje?"

Kijana mmoja alicheka kabla hajajizuia. Mama alimnyooshea fimbo. "Wewe uliyecheka, njoo ubaoni." Na somo likaanza.

Mrembeshaji alijisalimisha mwenyewe kwa wakaguzi wa afya, Mama akiwa amekaa naye kwenye benchi. Chumba cha nyuma kilifungwa kwa lakiri, akashtakiwa, akahukumiwa adhabu aliyostahili. Mama aliitwa kutoa ushahidi. Alisema yote yaliyotokea, hakupunguza ili kumwokoa wala hakuongeza ili kumkomoa. Wakili alimuuliza kama anamchukia mshitakiwa. Alijibu, "Namdai. Kumchukia ni kazi nyingine, nayo sina muda nayo." Sasa yule mwanamke anasuka nywele tu, kwenye saluni ya mtu mwingine, na sijawahi kumsikia Mama akimsema vibaya. Hajawahi kumsamehe kwa maneno pia. Nilimuuliza kuhusu hilo mara moja, akaniambia niangalie mbele.

Uso wake haukurudi ulivyokuwa. Mdomo umenyooka, isipokuwa akichoka sana. Chini ya kidevu kumebaki kovu lililozama, limevuta ngozi upande mmoja, na shingoni kuna alama za vile vinundu kama matone. Mtandio hafungi. Wajukuu humuuliza, na kila mmoja amepewa maelezo ya ukweli kwa kipimo cha umri wake. Mume wangu alichukua muda mrefu zaidi kuzoea. Kuna siku alimwambia, "Mama, kwani kile kidevu kilikuwa na ubaya gani?" Akamjibu, "Hakikuwa na ubaya. Ningekuwa na picha isiyopigwa kutoka chini ningekuonyesha."

Alipomaliza dawa, daktari alimwomba awe anakuja kliniki Alhamisi, akae tu kwenye benchi la nje. Wagonjwa wa aina yake walikuwa wanaongezeka, kutoka vyumba vingine vya nyuma, na wengi walifika hadi mlangoni wakageuka. Mama alisema hana kazi ya kukaa benchi. Alhamisi iliyofuata alikuwa ameketi pale saa mbili asubuhi.

Wiki iliyopita nilimpeleka mwenyewe kabla ya zamu yangu, kwa kuwa gari lake lilikuwa kwa fundi. Tulimkuta mwanamume mmoja kwenye korido, mwalimu wa mazoezi ya viungo, kifua kama kabati. Alikuwa amechomwa tumboni ili misuli ionekane, na shati lake lilikuwa limeloa mahali asipotaka watu waone. Alikuwa ameshasimama, ameelekea mlango wa kutokea.

"Baba, wewe ndiye unayefuata?" Mama alimuuliza.

"Hapana. Nilikuwa namsindikiza mtu."

"Mtu gani?"

Alitafuta jibu kwenye dari. Mama alisogea kwenye benchi, akampigia nafasi kwa kiganja. Akainua kidevu juu, kovu lote wazi, akaliacha hivyo mpaka yule mwanamume akakaa.

"Inauma?" yule mwanamume alimuuliza Mama.

"Iliuma. Sasa inavuta tu, kukiwa na baridi. Yako?"

"Silali."

"Basi ingia. Daktari ana vidole vya baridi, lakini hasimangi mtu."

"Utakuwepo nikitoka?"

"Nitakwenda wapi, na gari sina?"

Alimpa begi lake la mazoezi amshikie, akaingia. Mama aliliweka begi mapajani, akalizungushia mikono yote miwili, kisha akaniona bado nimesimama.

"Nenda kazini, mwanangu, utachelewa," alisema. "Njoo unichukue baadaye. Na usipite ile barabara ya sokoni, saa hizi imejaa."